Kiingereza cha Nyuma ya Ukuta

Shemeji yangu Omagor alilitamka neno "ng'ambo" kama mtu anayesimulia habari za Ulaya. Ng'ambo yenyewe ilikuwa Uganda. Ukikaa chooni kwake pale Malaba, mlango ukiwa wazi kidogo, uliiona yote: mto, daraja, askari wawili wamekalia tairi la lori, na ng'ombe wanaokula nyasi bila kujua kwamba ni nyasi za nchi za nje.

Alimwoa dada yangu Aluka. Mimi nilikaa kwao karibu miaka miwili nikimlea mtoto wao, maana shule niliiacha darasa la nne na hakuna mtu aliyeona haja ya kunirudisha. Kwa hivyo haya nayaandika kama nilivyoyaona, si kama Omagor anavyoyasimulia. Anavyoyasimulia yeye, ungedhani alikuwepo mtu mwingine.

Kwao ni Amukura. Alisoma shule ya harambee mpaka kidato cha pili, akaanguka, akapata kazi ya kufundisha watoto wa msingi bila kusomea ualimu. Siku hizo waliajiriwa wengi hivyo. Alifundisha mwaka mmoja na nusu, mpaka inspekta akaja na kuuliza cheti. Omagor akasema kiliungua. Inspekta akauliza moto gani. Ualimu ukaishia hapo, lakini jina la Mwalimu hakulirudisha. Alishuka nalo Malaba kama mtu aliyetoka matangani na sahani ya wenyewe.

Malaba alipata meza. Aliiweka barazani kwa duka moja karibu na kastamu, akawa anawajazia madereva wa malori fomu zao. Alikuwa na suti moja, tai moja, na kalamu tatu mfukoni ambazo moja tu ndiyo iliyoandika. Juu ya meza kulikuwa na kamusi nene ya Kiingereza, iliyong'oka jalada, ambayo aliifungua dereva akiwa anatazama. Hata nyama aliinunua kwa Kiingereza. Mwenye bucha hakujua neno, alikuwa anakata tu maini na kungoja hotuba iishe.

Jirani yake pale barazani alikuwa Osukuku, mshona viatu. Mdomo wa Osukuku ulikuwa mkali kuliko shazia yake. Alimwita Omagor "Balozi."

Mwaka wa sabini na tano, kabla ya Pasaka, kastamu walitoa neno: kuanzia mwezi wa tano, fomu zitajazwa na wenye kibali peke yao, na meza zote za barazani ziondoke. Kibali kilitaka vyeti. Omagor alirudi nyumbani siku hiyo, akala bila kusema neno la Kizungu hata moja, ndipo nikajua mambo ni mabaya. Bila ile meza hatukuwa na unga. Kufundisha Kenya hawezi, cheti hana. Imebaki ng'ambo, akasema, ng'ambo hawaulizi vyeti, ng'ambo wanataka mtu anayejua Kiingereza.

Alianza na Sudan. Alisikia vita vya kusini vimekwisha na shule zinafunguliwa. Barua alimpa dereva. Dereva yule hatukumwona tena, labda alibadilisha njia. Akaandika Zaire, na Zaire wakajibu. Omagor aliisoma ile barua barazani wiki nzima, anainua nyusi, anasema ni lugha ya juu sana lakini kwa jumla wanamkaribisha. Mwishowe akatokea dereva Mzaire, akaisoma, akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa Kifaransa. Walikuwa wanamwambia kwamba kwao wanafundisha kwa Kifaransa, na tafadhali asiandike tena.

"Balozi," Osukuku alimwambia, "bado China."

Ikabaki Uganda. Mwaka huo watu wa Uganda wenye akili walikuwa wanakuja upande wetu. Walimu walipita hapo Malaba wamebeba redio na godoro, wengine bila godoro, wanatembea haraka na hawaangalii nyuma. Wengine wote tuliwaonea huruma. Shemeji yangu aliwatazama wakipita akaona nafasi za kazi.

Barua ya Uganda aliitunga akiwa amesimama katikati ya nyumba, mkono mmoja kwenye tai, Aluka akiandika. Alisema mkono wake umechoka na kazi ya serikali. Serikali gani, sijui. Aluka alikuwa amefika kidato cha tatu kwa masista, umri wake miaka ishirini maana alianza shule akiwa mkubwa, ndipo karo ikakwisha na Omagor akaja na suti. Nilikuwa nimekaa hapo na mtoto, nikaona kitu kimoja. Omagor akisema maneno kumi, kalamu ya Aluka inaandika kama manne. Alipomaliza, Omagor hakuisoma. Alitia sahihi yake yenye mikia, akaitazama ile sahihi.

Barua ilipelekwa kwa mkono mpaka shule moja ya misheni upande wa Kumi. Baada ya majuma matatu jibu likaja: mwalimu mkuu, Madamu Akol, atavuka Malaba Jumamosi kwa matanga ya jamaa yake, na akitoka huko atapita kumwona huyo mwandishi wa barua na kumsikia akifundisha.

Omagor alitangaza mpaka kwa wauza mkaa. Aliazima viti vya kanisa. Akawakusanya watoto kumi na wawili wa majirani, kwa ahadi ya mandazi, akawapanga kwenye mabenchi nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa jiko, na wiki nzima jioni akawafundisha kuimba "Gudi moningi, madamu." Walipokosea, aliwaanzisha upya. Walipopatia, pia aliwaanzisha upya.

Jumamosi Madamu Akol akaja kwa miguu, kiatu cha raba, vikapu viwili. Kimoja kilikuwa tayari na sabuni na chumvi za kurudi nazo, maana kwao vilikuwa vimekwisha madukani. Mwanamke wa makamo, mfupi, hana haraka. Omagor alitoka mpaka barabarani. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa kama anapampu maji, akaendelea kuushika mpaka ndani, Kiingereza kinamtoka huku anamtazama usoni. Akamkalisha. Akakaa mbele yake, magoti yao karibu yagusane.

Aluka akaingia na maji ya kunawa, akapiga goti, akasalimu kwa Kiteso. Madamu Akol akafurahi kusikia lugha ya kwao, akamuuliza yeye ni wa nani. Aluka akataja baba yetu. Na mama? Akataja ukoo wa mama, na kile kilima cha Kumi alikozaliwa. Madamu Akol akaacha kunawa. Akauliza jina la babu. Aluka akalitaja.

"Babu yako na baba yangu wamenyonya ziwa moja," Madamu Akol akasema. Kisha akageuza macho ukutani, akavuta kitambaa cha kichwa mpaka usoni. "Na huyu ni nani yako?"

Aluka akajibu taratibu kwamba ni bwana yake.

Basi huyo mama alikuwa mama yetu mdogo, na kwa Omagor ni mama mkwe mzima. Kwetu, mama mkwe humtazami usoni. Humpi mkono, huli mbele yake, hukai naye nyumba moja, na mkiwa na neno linapita kwa mtu mwingine. Ungemuuliza Mteso yeyote wa mpakani, kabla ya kumshika mgeni mkono anauliza kwanza ukoo, hasa mgeni wa kike anayetoka Kumi, maana huko ndiko mama wa watu wametoka. Omagor hakuuliza. Watu wanaokwenda ng'ambo hawaulizi mambo ya kijijini. Sasa alikuwa amemtikisa mama mkwe mkono kutoka barabarani mpaka kitini.

Aliinuka na kiti cha kanisa kikainuka naye. Akatoka mlango wa nyuma ameinama, koti limemfunika kichwa, akaenda kujibana nyuma ya ukuta wa jiko. Watoto wakaona mtu mzima wa tai ametokea, wakaimba kwa nguvu, "Gudi moningi, madamu."

Mimi nilikuwa kwenye pembe ya jiko nabambua karanga. Pande zote mbili niliziona.

Nilidhani mama ataondoka. Lakini watoto wake wa shule walikuwa hawana mwalimu, akasema, na yeye hakuvuka daraja lile kuangalia ukuta. Mtihani utafanyika. Aluka atakaa mlangoni awe anapokea maneno huku na kupeleka kule.

Omagor akajaribu ujanja. Alipaza sauti kwa Kiingereza kwamba mila hizi ni za Kiteso, na Kiingereza hakina mama mkwe, kwa hiyo wazungumze tu moja kwa moja.

"Mwambie," Madamu Akol akamwambia Aluka, "si Kiingereza kilichooa mtoto wetu."

Hapo Osukuku alikuwa amefika na kiatu cha mtu mkononi, anajifanya anatafuta mwenyewe. Alimwona Omagor amechuchumaa kwenye majivu. "Balozi," akamwambia kwa upole, "kumbe ng'ambo ni huku nyuma." Omagor akamwonyesha kidole aondoke. Osukuku akakaa benchi la watoto.

Mtihani ulikuwa kwa Kizungu, Aluka alinifasiria baadaye. Swali la kwanza lilikuwa hivi: watoto sitini, kitabu kimoja, utafanyaje? Omagor alijibu kutoka nyuma ya ukuta kama redio. Taifa, mwenge, giza, nuru, wazee wetu. Watoto walianza kusinzia. Alipomaliza, Aluka akageuka kwa mama.

"Anasema ataandikia wizara."

"Wizara ya wapi?"

"Hajasema."

Swali la pili: mtoto ambaye hajawahi kusikia Kiingereza, siku ya kwanza unampa nini? Omagor akasema atampa kanuni za vitenzi, zote, azijue kwa kichwa kabla ya saa sita. Aluka alifungua mdomo apeleke, akaufunga.

"Na wewe?" Madamu Akol akamuuliza.

"Mimi, mama? Mimi napeleka tu maneno."

"Usikae hapo kama ukuta. Ukuta tunao."

Aluka akatazama miguu yake kidogo. Halafu akaingia jikoni, akapita kando ya bwana yake bila kumwangalia, akatoka na kikombe, jembe, boga na kandambili yangu. Akavipanga chini mbele ya watoto. Hakuwaambia waimbe. Alimpa kijana mmoja boga, akamfundisha msichana jinsi ya kuliomba kwa Kiingereza, na kijana jinsi ya kumnyima. Msichana akaomba, kijana akanyima, msichana akaomba tena kwa ukali. Wakacheka. Kila mmoja akataka zamu yake. Kwa muda wa kumenya muhogo mmoja, kila mtoto alikuwa ameomba kitu na kunyimwa kitu kwa Kizungu, na Osukuku, mzee mzima, akaomba jembe akapewa.

Kutoka nyuma ya ukuta tulisikia Omagor akinong'ona, "Waambie waseme wote pamoja. Aluka. Wote pamoja." Aluka hakugeuka.

Madamu Akol alikuwa amesogeza kiti mpaka mlangoni, ubavu wake kwa jiko ili awaone watoto na asimwone mkwe. Akampa Aluka daftari na kalamu, akamwambia aandike majina ya wale watoto. Aluka akaandika. Mama akatoa ile barua kwenye kikapu, chini ya sabuni, akaiweka kando ya daftari. Akautazama mwandiko wa huku, akautazama wa kule. Kisha akaikunja barua na kuirudisha. Hakuna aliyeliona hilo ila mimi, na nilijua hapo hapo kwamba kazi imepata mtu.

Lakini Aluka alikuwa na swali lake. Akauliza wale walimu waliokuwepo kwanza shuleni kwake walikuwa wangapi na wamekwenda wapi.

Madamu Akol hakumficha. "Watano. Wenye vyeti wote. Watatu wako kwenu huku. Wawili hatujui, na hatuulizi."

Mtoto alikuwa ananivuta nywele, nikamwacha avute. Mwisho Aluka akauliza, "Na hicho kitabu ni kimoja kweli?"

"Kimoja. Na kurasa za katikati mchwa wamekula."

Aluka akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei akaona si mbaya.

Mama mkwe akainuka. Akaenda mpaka kwenye ukuta wa jiko, akasimama upande wa pili, kitambaa usoni. Kwa mara ya kwanza akasema naye mwenyewe. "Mwanangu," akauambia ukuta, "nina neno la kuomba. Nakuomba Aluka aje anifundishie watoto. Atakuja na mtoto wake. Shule zikifungwa utawaona."

Niseme hivi kwa asiyejua. Kwetu mama mkwe hakuombi kitu kila siku, pengine hakuombi kamwe. Siku akiomba kwa mdomo wake, hukatai. Akitaka ng'ombe, unafungua zizi. Omagor alijua hivyo, na mama alijua kwamba anajua. Na zaidi ya hapo, unga ulikuwa unakwisha, na mwezi wa tano ulikuwa unakuja.

Niliona shingo ya Omagor inatoka jasho na tai inalinywa. Kisha akamwita Aluka, akamtuma aulize: na yeye je? Si anaweza kwenda pamoja, akafundisha madarasa ya juu?

Jibu likarudi. Nyumba za walimu zilizobaki na paa ni mbili, milango inatazamana, na moja ni ya Madamu Akol. "Muulize," mama akasema, "atakuwa anapitia dirishani kila siku?"

Osukuku akainama kwenye kile kiatu alichobeba. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Ndiyo, mama," Omagor akauambia ukuta. Alisema kwa Kiteso. Lilikuwa neno lake fupi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema, na nafikiri ndilo la kweli peke yake.

Mandazi aliwagawia watoto mwenyewe, baada ya mama kuondoka. Hesabu ilipungua moja, akampa mtoto wa mwisho lake. Hilo nalo nimeliona, naliandika.

Majuma mawili baadaye Aluka akaondoka. Omagor alibeba sanduku lake kichwani, amevaa ile suti. Njiani aliwaambia watu kwamba wanahamia kikazi, kwamba anamtanguliza bibi. Nilifuata na mtoto. Sanduku lilikuwa zito kuliko nguo za Aluka, na pale kizuizini askari wa upande wetu alipolifungua, tukaona kwa nini. Omagor alikuwa ameitia ile kamusi ndani. Hakumwambia mtu. Aluka aliitazama, akataka kusema kitu, akaifunika na kitenge.

Tukaingia darajani. Katikati ya daraja Omagor akasimama. Upande wa pili Madamu Akol alikuwa anangoja kando ya pikapu ya misheni. Alipomwona mkwe wake akageuka akatupa mgongo. Naye Omagor akatua sanduku taratibu, akavuta koti likafunika kichwa, akageuka pia. Wakasimama hivyo, mama huko na mkwe huku, migongo inatazamana na nchi mbili zinawatazama. Dereva wa lori nyuma yetu alipiga honi, akiuliza kama huyo bwana mwenye koti kichwani ni mgonjwa.

Hakuna wa kumsaidia Aluka, maana mimi ruhusa yangu iliishia hapo katikati. Alimchukua mtoto kwangu, akamfunga mgongoni, akainama akalitia sanduku kichwani mwenyewe. Nusu iliyobaki ya daraja aliitembea hivyo, wala hakuyumba. Askari wa kule alimuuliza anakwenda kufanya nini. Nilimsikia akijibu kwa Kizungu, na askari akampisha.

Meza ya barazani iliondolewa siku waliyosema. Omagor sasa anapakia mawe kwa watengeneza barabara, na bado anaitwa Mwalimu, na dereva mgeni akimuuliza, anamwambia kwamba wao kwao wanafundisha ng'ambo. Aluka alituandikia mwezi wa saba. Watoto ni themanini na moja. Mlango wa darasa hauna komeo, upepo unaupiga ovyo, na hapo ile kamusi imemfaa sana, anauwekea chini.

Barua hiyo nilimsomea Omagor mimi mwenyewe, maana mikono yake ilikuwa na vumbi la mawe, polepole, neno kwa neno, mpaka pale pa mlango. Aliniomba nirudie. Nikarudia.